Dari Kabla ya Rangi

Nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam hujengwa kwa mwendo wa mfuko wa mwenye nyumba. Kiwanja hununuliwa kwanza, Bunju au Mabwepande upande wa Kinondoni, Chamazi au Toangoma upande wa Temeke. Tofali hukusanywa kidogo kidogo na kupangwa hapohapo. Msingi huchimbwa mwaka mmoja, kuta hufika lenta mwaka mwingine, kisha pagale hukaa likisubiri kupauliwa mpaka nyasi zinaota vyumbani. Siku bati linapopanda juu, familia imekwishachoka kulipa kodi ya pango, na wengi huhamia hivyohivyo: sakafu ghafi, madirisha yamezibwa kwa mbao, na juu ya vichwa hakuna kitu isipokuwa kenchi na bati. Kila kilichobaki huitwa finishingi. Lipu ni finishingi, rangi ni finishingi, vigae vya sakafuni ni finishingi, na dari nalo limo humohumo, mara nyingi karibu na mkia wa foleni. Nimekaa karibu na ujenzi wa namna hii muda wa kutosha kuamini kwamba kosa kubwa la nyumba zetu halimo katika tofali wala katika ufundi wa mafundi, limo katika foleni hiyo. Dari limewekwa fungu moja na rangi ilhali kazi yake ni ya fungu la paa. Gharama ya kosa hilo hulipwa kila mchana wa Februari, na hulipwa tena usiku wake.

Tuanze na jua lenyewe, kwa sababu watu wengi wanapotafuta chanzo cha joto la nyumba hutazama kuta. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita mchana hupita utosini kabisa, na miezi iliyobaki halisogei mbali na hapo. Kwa hiyo saa za jua kali zaidi linalopigwa ni paa, wakati kuta za kaskazini na kusini zinaguswa kwa pembeni tu. Mchana usio na mawingu, mita moja ya mraba ya paa hupokea nguvu inayokaribia wati 1,000. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na sebule, yenye paa la mita za mraba 100, inabeba juu yake kilowati zisizopungua 80 au 90, sawa na pasi nyingi za umeme zikiwa zimewashwa kwa pamoja. Bati, ambalo unene wake haufiki nusu milimita, halina namna ya kuzuia nguvu hiyo. Huchemka hadi digrii 60 na zaidi, kisha hugeuka kuwa chanzo cha joto linaloelekea chini kwa mionzi, bila kupitia hewa kwanza. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa sebuleni kinaweza kusoma digrii 32, wakati aliyekaa chini ya bati anahisi kitu kingine kabisa utosini na mabegani. Kipimajoto kinasema kweli kuhusu hewa, lakini hewa ni nusu tu ya habari.

Paa halikuwa hivi siku zote, na hapa kumbukumbu inasaidia mradi isigeuke kuwa kilio cha kale. Nyumba ya Kiswahili iliyojaza Kariakoo, kisha Magomeni na Temeke, ile ya ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na uani nyuma, iliezekwa kwanza kwa makuti. Makuti ni kizuizi kizuri cha joto: yamejaa hewa iliyotulia katikati ya majani, na upande wake wa ndani haupandi joto sana. Kuta za miti na udongo zilikuwa nyembamba na mara nyingi kuta za ndani hazikufika paani, hivyo hewa ilizunguka juu ya vyumba vyote, pamoja na maneno ya kila mtu. Baadaye yalikuja madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha bati la migongo. Waliobadilisha hawakuwa wajinga. Makuti huoza, huvujia, huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na penye nyumba zilizobanana cheche moja inatosha kuteketeza mtaa. Bati huweka maji ya mvua kwenye pipa na hudumu. Tatizo ni kwamba tulipoondoa makuti tuliondoa vitu viwili kwa pamoja, ngozi ya kuzuia mvua na godoro la kuzuia joto, tukarudisha kimoja tu. Hadi leo hatujalipa deni la cha pili.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili mwaka 1977, alipopima Azimio la Arusha baada ya miaka kumi. Aliwalaumu wananchi waliokuwa wanang'ang'ania saruji na bati na kudharau tofali za kuchoma na vigae vya udongo, akaona ni ugonjwa wa fikra. Nadhani alipatia kuhusu paa na hakupatia kuhusu kuta, angalau kwa mtu wa pwani. Saruji yenyewe ilikwishakuwa ya nyumbani: kiwanda cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966, kikichimba mawe ya chokaa ya kilima kilekile ambacho leo kimezungukwa na makazi ya Tegeta na Madale. Na ukuta mnene wa tofali za kuchoma, ambao Dodoma au Iringa ni baraka kwa sababu usiku wa bara hupoa sana na ukuta hupoa nao, hauna faida hiyo hapa. Usiku wa Februari Dar es Salaam hushuka digrii chache tu chini ya mchana, na unyevu haupungui. Ukuta mnene unaohifadhi joto unahitaji usiku wa baridi wa kulitolea, na usiku huo sisi hatuna. Kwa hiyo ushauri mmoja wa nyumba bora kwa nchi nzima, kutoka Njombe hadi Mbagala, ulikuwa na kasoro tangu mwanzo. Penye joto lenye unyevu, nyumba inahitaji kivuli, upepo na paa lisilopitisha mionzi. Unene wa ukuta unakuja nyuma sana.

Maarifa hayo hayakukosekana. Mwaka 1954 shule ya usanifu ya Architectural Association ya London ilifungua idara ya usanifu wa nchi za joto. Mmoja wa waliojenga sifa yake alikuwa Otto Koenigsberger, Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler na kufanya kazi ya ujenzi India kwa miaka mingi. Mwaka 1965 yeye na Robert Lynn walitoa kitabu kidogo kuhusu mapaa ya nchi zenye joto na unyevu, na kipimo walichopendekeza bado ni kizuri: uso wa chini wa paa au dari usizidi joto la hewa ya chumbani kwa zaidi ya digrii 4 au 5. Ili kufikia hapo, joto la jua linaloruhusiwa kupenya ni kama sehemu 4 tu kati ya 100. Hapa nchini, kitengo cha utafiti wa majengo kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1971, na mwaka 2001 kikawa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Ujenzi. Yaani kwa zaidi ya nusu karne kumekuwa na watu wa kuulizwa, tena umbali wa nauli ya daladala. Pamoja na hayo bati tupu limeendelea kuwa paa la kawaida la mtu anayeanza maisha, na mtindo wa mwenye nacho umekwenda upande mbaya zaidi: bati la msauzi la rangi nyeusi, kijivu cha mkaa au damu ya mzee.

Weka hesabu mezani. Bati lililofifia na lisilo na dari chini yake hupitisha ndani kiasi cha moja ya tano ya jua linalolipiga. Likiwa la rangi ya giza, kiasi hicho husogelea robo. Chumba cha mita za mraba 12 kwa hiyo hupokea kutoka paani peke yake kama wati 2,400 saa sita mchana. Kiyoyozi cha hospawa moja, kile kinachouzwa zaidi kwa ajili ya chumba cha kulala, huondoa kiasi cha wati 2,600. Maana yake mashine nzima inamalizwa na paa kabla haijashughulikia watu, madirisha wala kuta. Ukilifikisha paa hilohilo kwenye kipimo cha Koenigsberger na Lynn, mzigo unashuka chini ya wati 500, na feni inatosha. Njia ya kufika huko haina muujiza. Rangi ya bati iwe nyeupe au ya kung'aa. Chini yake pawe na karatasi ya foili, kwa sababu alumini inayong'aa hutoa chini ya sehemu 10 kati ya 100 ya mionzi ambayo uso wa kawaida ungetoa. Upande unaong'aa utazame chini, kwenye uwazi wa hewa. Ukitazama juu hujaa vumbi baada ya misimu michache na kazi yake hufifia. Kisha lifuate dari, na kati ya dari na bati hewa ya moto iwe na pa kutokea, kwa matundu kwenye ukingo wa paa na kwenye pembetatu za ukuta wa mwisho. Dari lisilo na matundu hayo husaidia nusu ya njia tu.

Yupo atakayesema, na ni hoja nzito kuliko zote, kwamba wengi wetu hatupo nyumbani mchana. Tunaondoka alfajiri kuwahi foleni ya Mbagala au ya Tegeta na kurudi giza limeingia. Saa hizo bati limekwishapoa kwa sababu ni jembamba, na dari litazuia tu joto la ndani lisitoke. Ni kweli kwamba bati hupoa haraka. Kwenye usiku usio na mawingu hupoa hata kuliko hewa, ndiyo maana alfajiri hukutwa limelowa upande wa ndani. Lakini joto la saa mbili usiku halitoki kwenye bati. Linatoka kwenye sakafu ya zege, kwenye kuta za ndani, kwenye magodoro na makabati, vitu vilivyoshinda saa nane chini ya mionzi ya bati vikinywa joto. Ukuta wa tofali la inchi 6 huchukua kama saa nne kupitisha joto kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukuta wa magharibi uliopigwa na jua la saa kumi jioni hulitoa chumbani saa mbili usiku, wakati watoto wanalazwa. Dari huzuia mchango wa paa usiingie kwenye akiba hiyo toka asubuhi. Baada ya hapo kazi ya usiku inabaki kuwa ya madirisha. Na tusisahau kwamba hoja ya kutokuwepo nyumbani ni hoja ya wenye ajira za mbali. Bibi, mtoto mchanga, mama anayeshona cherehani barazani, fundi simu mwenye kibanda mbele ya nyumba, hao wapo saa sita.

Kuta za mashariki na magharibi zinastahili neno, ingawa si kiini cha shauri langu. Jua la asubuhi na la jioni liko chini mno kuzuiwa na ukingo wa paa. Dawa yake ni mti, varanda, au kutoweka dirisha kubwa upande huo. Kaskazini na kusini mambo ni mepesi. Mwezi Juni jua la saa sita liko upande wa kaskazini, juu kiasi cha digrii 60, na ukingo wa paa uliotokeza sentimita 90 hutia kivuli mita moja na nusu ya ukuta. Desemba liko kusini, juu zaidi, na ukingo uleule hutia kivuli ukuta wote. Sentimita 90 za bati na mbao zinaokoa lipu, rangi na madirisha kutoka kwa jua na mvua za masika kwa pamoja. Sasa tazama nyumba za mtindo mpya zinazopanda Mbweni na Kigamboni, zenye paa la kujificha nyuma ya kuta zilizorefushwa. Hazina ukingo hata kidogo, maji ya mvua hukusanywa kwenye mfereji wa ndani ambao siku ukiziba hufurika dari, na ukuta mzima hupigwa jua na mvua uchi. Picha zake ni nzuri simuni, sikatai.

Hoja ya pili hutoka kwa watu wa afya, nayo imenifundisha kuheshimu matundu. Mbu wa malaria hupenda kuingilia juu, pale ukuta unapokutana na paa. Sheila Ogoma na watafiti wenzake wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walichunguza nyumba za Dar es Salaam na mwaka 2009 wakachapisha kwamba wakazi wenyewe, kwa fedha zao, walikuwa wakiweka nyavu madirishani, dari, na kuziba uwazi wa ukingo wa paa, na sababu kubwa ilikuwa mbu. Ni ushahidi mzuri wa jinsi watu wanavyojifunza bila kuhubiriwa. Lakini fundi akiziba ukingo wote kwa saruji kwenye nyumba isiyo na dari, amemzuia mbu na kumfungia mwenye nyumba joto. Hapa ndipo dari linapoondoa ugomvi kati ya daktari na mhandisi. Penye dari lililokamilika bila mianya, ukingo unaweza kubaki wazi kwa wavu, mbu akipita ataishia juu ya dari, na hewa ya moto itatoka. Bila dari lazima uchague kati ya malaria na joto, na kila mzazi mwenye akili atachagua joto.

Kuna ushahidi mwingine wa karibu kwamba mambo haya mawili, joto na mbu, hayapaswi kutenganishwa. Huko Magoda, wilayani Muheza, zilijengwa mwaka 2014 na 2015 nyumba chache za majaribio zenye kuta nyepesi za kupitisha hewa na nyavu kila mahali. Vipimo vilionyesha kwamba ndani yake kulikuwa na ubaridi wa takriban digrii 2 zaidi ya nyumba za kawaida za kijiji, na mbu walipungua sana, hasa kwenye zile za ghorofa moja juu. Somo hilo likapelekwa Mtwara, ambako nyumba 110 za ghorofa zilizoitwa Star Homes zilijengwa kwa ajili ya utafiti mrefu wa afya za watoto. Ninazipenda nyumba hizo kwa ujasiri wake, ila sidhani kwamba zitaota Chamazi kama zilivyo. Penye wezi, vumbi la barabara na jirani aliye mita mbili, ukuta wa wavu hauna mnunuzi. Kinachoweza kuvuka kutoka Muheza hadi Temeke ni kanuni yake: acha hewa ipite, mzuie mdudu, na usiruhusu paa liwaangalie watu moja kwa moja.

Fedha. Mwenye kujenga kidogo kidogo atauliza dari la mamilioni litatoka wapi siku ya kupaua, wakati hata misumari imekopwa. Jibu langu ni kwamba tunapotaja dari tunafikiria dari la jipsamu lenye mataa na mapambo ya duara katikati, yaani tayari tumeshalipeleka kwenye urembo. Kinachohitajika siku ya kwanza ni kitu cha kukata mionzi na kuacha hewa juu yake. Foili inayotandazwa juu ya mbao za kenchi kabla bati halijapigwa ni nyongeza ndogo kwenye bili ya paa, na baadaye kuiweka ni kubomoa kazi. Hata ikibaki peke yake kwa miaka miwili, imekwishaondoa sehemu kubwa ya mionzi. Mbao nyembamba au hadibodi zinaweza kufuata chumba kimoja kimoja, kikianza cha watoto. Rangi nyeupe ya bati haina gharama ya ziada kwa anayenunua bati la rangi: ni bei ileile, kinachobadilika ni kidole kinachoonyesha kwenye kitabu cha mwuzaji. Na kwa mwenye bati la zamani lililokwishafifia, kupaka nyeupe ni kazi ya siku moja. Mji wa Ahmedabad huko India, uliotunga mpango wake wa kukabili joto mwaka 2013, baadaye uliingiza upakaji wa mapaa meupe kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini. Chokaa tupu hapa kwetu itasombwa na masika, hilo lazima lisemwe, kwa hiyo rangi iwe ya bati.

Ninachokataa ni madai kwamba fedha haipo kabisa, huku ukuta wa fensi umekwishapanda kabla ya dari. Fensi ya tofali yenye kimo cha mtu na zaidi, iliyosogezwa karibu na nyumba kwenye kiwanja kidogo, hula tofali nyingi na hukata upepo uliokuwa ndio feni ya bure. Ninaelewa hofu ya wezi na mipaka ya viwanja inayohama usiku. Hata hivyo matofali ya maua kwenye nusu ya juu ya fensi yanalinda mpaka vilevile na kuachia hewa. Upepo hukatwa pia na madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo kwa umbo lake hayafunguki zaidi ya nusu, na nusu hiyo imewekewa wavu unaopunguza tena upepo. Luva za vioo tulizozicheka kama za nyumba za kota zilifunguka karibu zote.

Kuna wanaosema zama za kubana umeme zimepita. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, mitambo yake ilianza kuwashwa Februari 2024, na mgao uliotuchosha umesahaulika; kwa nini tuhangaike na foili wakati kiyoyozi kinauzwa kwa mkopo? Nafurahia bwawa kama kila mtu. Lakini megawati za Rufiji hazishushi bili ya LUKU. Feni ya wati 60 ikizunguka kwa saa nane za usiku hula chini ya nusu uniti. Kiyoyozi kidogo kwa saa hizohizo kinaweza kula uniti sita. Kwa bei iliyozoeleka ya shilingi 350 na ushee kwa uniti, ni tofauti kati ya shilingi mia na sabini hivi na zaidi ya shilingi elfu mbili kwa usiku mmoja, chumba kimoja. Kwa mwezi, kiyoyozi hicho peke yake kinaweza kumaliza uniti 180 hivi, na kumtupa nje mteja aliyekuwa kwenye bei nafuu ya watumiaji wasiozidi uniti 75. Halafu, kama hesabu ya chumba cha mita za mraba 12 ilivyoonyesha, kiyoyozi chini ya bati tupu hakishindi mchana. Anayekitaka atahitaji dari kwanza, kwa hiyo hata yeye yuko upande wangu bila kujua.

Wanaopinga dari kwa sababu ya uimara wana uzoefu nyuma yao. Panya huzaana humo, popo huingia, mchwa hula mbao bila kuonekana, na paa likivuja dari hudondoka. Yote hayo hutokea. Mengi hutokea penye dari lililofungwa gizani bila hewa, bila wavu na bila mlango wa kupandia kukagua. Tundu la kupandia la sentimita 60 huongeza miaka ya nyumba kuliko mapambo yoyote. Kuhusu kuvuja, nadhani dari linasingiziwa. Doa kwenye dari ni taarifa ya mapema ya msumari uliolegea, ambayo bati tupu huipitisha mpaka godoroni. Na ule unyevu wa alfajiri chini ya bati, unaochanganyika na chumvi ya upepo wa bahari na kulila bati kwa ndani, hupungua pale hewa inapopita juu ya dari na foili inapokinga matone. Uimara na ubaridi vinatoka kwenye chanzo kimoja, hewa inayosogea. Kwa kuta ni hadithi nyingine: lipu inayoumuka na kutoa chumvi chini karibu na sakafu inatokana na maji yanayopanda kutoka ardhini penye msingi usiowekewa nailoni, au na mchanga wa chumvi, na hakuna rangi ya duka lolote itakayoliponya hilo.

Kwa nini basi utafiti wa nusu karne haukufika? Mimi nadhani uliandikiwa mchoro. Vitabu vya usanifu wa nchi za joto humwambia msanifu aelekeze nyumba, apime ukingo, achague dirisha. Lakini nyumba ya Mabwepande haina msanifu wa kuambiwa; ina fundi, mwenye nyumba, na mwuzaji wa hadiwea, na uamuzi wa joto hufanywa pale kaunta siku ya kununua bati. Tofali za kufungamana za Wakala zilipata kujulikana mitaani kwa sababu zilikuja na mashine ambayo kijana angeweza kufyatulia tofali na kuziuza. Paa nalo lingeuzwa hivyo: bati la rangi nyepesi, foili, wavu wa ukingo na misumari kwenye bili moja, kwa mita ya mraba, na fundi paa akalipwa kwa kupiga vyote siku moja. Vikoba na saccos zinazokopesha bati zinaweza kukataa kukopesha bati peke yake. Na vipimo vingekuwa rahisi kuliko tunavyodhani. Nyumba mbili zinazofanana za Chamazi, moja yenye foili na nyingine isiyo nayo, na vipimajoto vya bei ndogo vilivyoachwa humo kuanzia Desemba hadi Machi, vingemshawishi mwenye bati kuliko kitabu chochote.

Panabaki wapangaji, ambao mtaa kama Tandika au Mbagala Kuu umejaa wao, na kwao shauri langu lote lina pengo. Mwenye nyumba ndiye anunuaye bati, mpangaji ndiye anunuaye uniti na ndiye anayetoka jasho; hakuna sababu ya kifedha inayomsukuma wa kwanza kumhurumia wa pili. Hata hivyo soko limekwishaonyesha mlango. Dalali anapotangaza chumba siku hizi hulitaja dari kabla ya kutaja choo, na chumba chenye dari hukodishwa kwa bei ya juu kuliko kisicho nalo, ingawa anayelipia bei hiyo anadhani analipia urembo. Mpangaji huyohuyo akianza kumwuliza dalali maswali mawili zaidi, juu ya dari kumewekwa nini na dirisha la chumba linatazama upande gani saa kumi jioni, majibu yatapanda mpaka kwa mwenye nyumba.